Siku moja jikoni kwangu South B: kaa wa Dabaso na miguu ya barafu

Saa 10:30 alfajiri

Simu ililia kabla ya alamu. "Dada, mzigo wako umefika, ila kuna mmoja ametoka."

Ametoka. Nilijifunga leso juu ya nguo ya kulalia, nikatupia koti la mume wangu, nikateremka kutafuta bodaboda. Baridi ya Nairobi mwezi wa saba inakata masikio, na mimi ni Mgiriama wa Dabaso, huko pwani, miaka kumi na moja huku bado sijaizoea.

Kwenye ofisi ya mizigo nilimkuta kijana amesimama juu ya benchi. Kaa alikuwa chini ya hilo benchi, kamba ya gando la kulia imekatika, gando lenyewe limeinuliwa kama ngumi. Nilimbana mgongo kwa kiatu, taratibu, halafu nikamshika kwa nyuma, pale miguu ya mwisho inapoungana na mwili. Hapo gando halifiki. Kijana akashuka benchi. "Madam, huyu si samaki. Huyu ni askari."

Saa 12 asubuhi

Kikapu chini, gunia bichi pembeni, majani ya mkoko kila mahali. Kaka yangu huwavuta kaa hawa kwenye mashimo yao kule mikokoni ya Mida maji yakipwa, kwa fimbo yenye ndoano, kisha anawafunga magando na kuwapanga kama vitumbua. Alinitumia kumi na sita, kila mmoja karibu nusu kilo.

Kazi ya kwanza ni kuwagusa macho. Kaa mzima huyarudisha macho ndani mara moja. Mnyonge hufanya hivyo kwa uvivu. Wawili hawakufanya lolote, na miguu ilining'inia kama nyuzi za shuka lililochakaa. Basi lilichelewa kwa saa tatu, na kwa joto la kikapu nilijua kililazwa karibu na injini. Jina la kampuni silitaji, maana wiki ijayo nitawahitaji tena. Hasara ni yangu.

Hao wawili wakaenda kwenye ndoo ya taka. Watu huniambia, si uwatie pilipili na kitunguu thomu cha kutosha? Hapana. Kaa akifa, nyama yake huanza kuharibika upesi kuliko ya samaki, inalegea kama uji, na vijidudu vilivyomo tumboni mwake havingoji wewe uwashe jiko. Kaa hupikwa akiwa hai, au akiwa ameuawa dakika hiyo hiyo.

Na tafadhali usimtie kwenye ndoo ya maji ya mfereji "apumue". Mwaka wangu wa kwanza wa biashara hii ya kuwapikia watu kaa niliwaweka tisa kwenye ndoo usiku kucha, nikajisifu kwa huruma yangu. Asubuhi wote tisa wamekufa. Kaa huyu ni wa maji ya chumvi, na hata hewa ya ndoo huisha. Anachotaka ni ubichi na kivuli: gunia lililolowa, mahali penye baridi. Kwa hilo tu, Nairobi inamfaa kuliko Malindi.

Saa 2 asubuhi

Mtoto shuleni, chai na mahamri mawili ya jana, sokoni kwa ndimu, tangawizi na siagi. Hakuna la kusimulia.

Saa 4 asubuhi

Mteja wa leo alipiga simu. Mamake anatimiza miaka 70, sherehe ni leo usiku South C. Yeye aliishi Seattle miaka mingi, na anataka mama aonje ile miguu ya kaa aliyokuwa akila huko. Jana jioni aliniletea sanduku la kilo nne, miguu ya kaa wa bahari baridi, mirefu yenye miiba, imeganda kama kuni, imetoka Norway. Imelala kwenye friji, sehemu ya chini, ikiyeyuka polepole juu ya sinia.

"Dada, utachemsha nusu saa? Au dakika arobaini, tuwe na uhakika?"

"Kaka, jana ulipoileta ilikuwa rangi gani?"

"Nyekundu."

"Basi imeshapikwa."

Kimya. Ndivyo ilivyo. Kaa hai ni wa rangi ya tope, kijani kwa kahawia, au zambarau iliyokolea kwa hawa wa bahari baridi. Wekundu umo kwenye gamba siku zote, ila umefungwa na protini, na moto ndio unaoufungua. Ukiona mguu mwekundu dukani, moto ulishapita. Hawa wa barafu hupikwa kwanza, kisha wanagandishwa, mara nyingi kwenye maji ya chumvi. Kwa hiyo kazi yako nyumbani ni kuupasha, na chumvi huongezi.

Hakuamini. Akasema atakuja mwenyewe saa kumi na moja asimamie.

Saa 8 mchana

Kaa wangu kumi na wanne niliwalaza kwenye beseni la barafu hadi wakafa ganzi, kama nusu saa. Si huruma peke yake. Ukimtumbukiza kaa mwenye fahamu kwenye maji moto, huiachia miguu yake mwenyewe, inakatika kwenye kiungo, na maji yanaingia ndani ya mwili. Unabaki na supu iliyojaa miguu.

Chumvi: vijiko viwili vya mezani kwa kila lita, karibu sawa na bahari, ambayo ina kama gramu 35 kwa lita. Tangawizi iliyopondwa, jani la mdalasini, basi. Sipendi kumfunika kaa kwa viungo. Hakusafiri usiku kucha ili aonje kama pilau.

Sasa, suala la dakika. Mama yangu, akipika Dabaso, kaa wa nusu kilo humpa dakika kumi na mbili. Mimi humpa kumi na tano. Nairobi iko karibu mita 1,800 juu ya bahari, na huku maji huchemka kwenye nyuzi 94 hivi, si 100. Yanatokota, yanapiga kelele, lakini hayana ule moto wa pwani. Ndiyo maana hata maharagwe huku yanamaliza gesi. Nimemweleza Mama mara nyingi kwenye simu. Jibu lake ni lile lile: "Maji yakichemka yamechemka, mwanangu. Wewe umekuwa mvivu wa kuchochea."

Fungu la kwanza, kaa saba. Maji yakapoa kidogo, yakarudi kutokota, nikaanza kuhesabu. Dakika ya sita, moto ukageuka njano, ukakohoa, ukazima.

Gesi.

Kaa aliyepikwa nusu hawezi kungoja mwenye duka alete mtungi. Kwenye maji vuguvugu nyama inalainika hadi inashikana na gamba. Niliteremka ghorofa moja kwa Mzee, Mbajuni, jirani yangu tangu nihamie.

"Shikamoo, Mzee. Nimeishiwa na gesi, na sufuria liko jikoni."

"Marahaba, mwanangu. Unapika nini?"

Nikasita. "Kaa."

Mzee hali kaa. Alishaniambia: mnyama wa nchi kavu na majini kwa pamoja, yeye hamtaki kwenye sahani yake. Akanitazama, akaufungua mtungi wake wa kilo 6. "Mtungi haujui unapika nini. Beba. Ila harufu usiniletee."

Niliyafikisha maji kutokota tena, nikaanza kuhesabu tisa zilizobaki, nikaongeza mbili za wasiwasi. Wametoka wekundu, wazima, miguu yote mahali pake. Fungu la pili halikunipa shida. Wote wakaingia maji ya barafu kidogo tu, wasiendelee kujipika wenyewe. Kisha nikainua gamba la juu, nikang'oa matamvua yale ya kijivu yanayofanana na manyoya, nikayaacha mafuta ya manjano, nikayapasua magando kwa mchi. Kwenye kaa wa kwetu, nyama ni magando na mwili. Miguu ni ya kufyonza ukiwa unapiga soga.

Saa 11 jioni

Mteja akafika, na binti yangu karudi kutoka shule, kavutiwa na sanduku. Amehesabu. "Mama, huyu ana miguu sita na magando mawili. Kaa wa mjomba ana kumi yote pamoja." Kahesabu sawasawa. Huyu wa barafu naye ana kumi, ila jozi ya mwisho ni ndogo mno, ameificha ndani ya gamba. Na hawa wa Dabaso jozi ya mwisho ni bapa kama makasia, ya kuogelea.

Kubishana na mteja sikutaka. Nilikunja mguu mmoja kwenye kiungo uingie sufuriani, nikautoa dakika ya tano. Mwingine nikauacha dakika ishirini, pungufu ya zile alizotaka. Kisha nikachukua makasi ya jikoni, nikaikata yote miwili upande wa chini, ule mweupe, ambako gamba ni laini na miiba ni michache. Shika kwa taulo nene. Miiba yake haina adabu.

Wa dakika tano, nyama ilitoka nzima, nene kama kidole gumba, nyekundu nje na nyeupe ndani, ikidondosha maji matamu. Wa dakika ishirini ulikuwa umenywea, umejitenga na gamba, na ulipovutwa ukaachana nyuzi nyuzi kama pamba ya godoro. Akautafuna kwa muda mrefu.

"Huko Seattle," akasema, "nadhani kuna mahali nimekuwa nikiibiwa."

Saa 1 usiku

South C, foleni ya kawaida. Miguu niliipasha kwao jikoni, kwa mvuke, dakika saba, siagi na ndimu pembeni. Mama wa sherehe aliula mguu mmoja kwa heshima, akasema ni mzuri, akaufuta mkono. Kisha akavuta sinia la kaa wa Dabaso karibu naye, akachukua gando, na hakusema neno lingine hadi lilipokwisha.

Saa 4 usiku

Mtungi nimemrudishia Mzee, na ndimu sita juu yake. Magamba mazuri nimechemsha na tangawizi kwa supu ya kesho. Yaliyobaki ndiyo tatizo la kweli la kazi hii, maana lori la taka huja Jumanne na leo ni Ijumaa, na magamba ya kaa kwenye pipa siku nne yatamleta keateka, mwangalizi wa jengo, mlangoni. Nimeyafunga mifuko miwili, nikayatia kwenye friza, nikaandika juu kwa wino mweusi: SI CHAKULA. Mwaka jana mume wangu aliyeyusha mfuko mzima akidhani ni kamba wa kupika.