Treni ya Pugu, na siku niliyoishia Mwakanga

Nyie mnaosema treni ya Pugu, ile ya abiria wa mjini Dar es Salaam, haipandiki kwa kujaa, mmefundishwa na watu kama shemeji yangu.

Mwaka 2017 flaiova ya Tazara ilikuwa bado inajengwa, na sisi wa Gongo la Mboto tulikuwa tunazeekea kwenye foleni ile. Nafunga duka Kariakoo jioni, nafika nyumbani watoto wameshalala. Shemeji akanipa dawa, tena kwa kujiamini: "Shem, unateseka bure. Shuka Tazara, stesheni ile pale, panda treni ya Mwakyembe." Sasa treni za mjini zote tulikuwa tunaziita hivyo, kwa jina la waziri aliyekuwepo zilipoanza 2012. Kosa lilianzia hapo.

Nikakata tiketi, nikapanda, na siti nikapata. Nikajiona mjanja. Nachungulia dirishani nione Vingunguti, Vingunguti haiji. Nikasikia mtu anasema Kitunda. Nikamgeukia mama mmoja aliyepakata beseni tupu la samaki.

"Mama, Gongo la Mboto bado?"

Akanitazama kuanzia viatuni. "Mwanangu, hii ya Mwakanga."

Nusu ya behewa ikacheka. Kumbe treni ni mbili: ya Mwakanga ni ya reli ya TAZARA, ya Pugu, inayopita Gongo la Mboto, ni ya Reli ya Kati. Na reli hizo hata upana hazilingani, milimita 1067 kwa 1000, yaani treni ya huku haipiti kule hata iombewe dua. Nilishuka Mwakanga gizani, bodaboda akanikamua buku tatu, sijui nne, tukapita vumbi na mashimo ya Majohe mpaka nyumbani.

Kumuuliza shemeji: "Si ulifika lakini?"

Basi nikahamia ya Pugu. Wakati ule ilikuwa inaanzia Stesheni, mjini. Kwa mtu wa Kariakoo kituo cha karibu kilikuwa Kamata, na kila mtu alikuwa anakwambia upandie hapo. Upande wapi? Ilikuwa inafika imeshajaa hadi mlangoni. Mara ya kwanza nilisafiri mguu mmoja juu, kwapa la mtu puani, mkoba naushika lakini siuoni.

Nikakumbuka ujanja wa daladala: kugeuza, yaani unapanda gari likielekea mwanzo wa safari, unarudi nalo ukiwa umeshakaa. Jioni, ile iliyokuwa inatoka Pugu kuja mjini ilikuwa nyeupe, haina watu. Basi nikawa naidaka Kamata ikiwa inaelekea Stesheni, nageuza nayo. Nauli ilikuwa inaongezeka mia kadhaa, sijawahi kuzijutia. Tiketi zote mbili, ya kwenda Stesheni na ya kurudia, nilikuwa nazikata Kamata kabisa. Siku niliyoshuka Stesheni kufuata ya kurudia, niliporudi kwenye siti yangu nilimkuta mzee mmoja ameshaanza kukoroma. Watu wakigombania mlango, mimi nipo dirishani, kiatu nimevua, namenya karanga.

Wiki ya pili hivi, tumesimama Kamata tukirudi, nani anaingia akisukumwa mgongoni, shati limechomoka? Shemeji.

"Shem! Siti umeipataje?"

Nikamwambia apandie Tazara.