Kibanzi na Penseli

Kila ninapochonga penseli humkumbuka Karl Mauch, Mjerumani aliyeyafikia mwaka 1871 magofu ya Great Zimbabwe, mji wa kale wa kuta za mawe katika Zimbabwe ya leo. Alibandua kibanzi kwenye boriti iliyokingamizwa juu ya mlango, akakilinganisha na mti wa penseli yake, akaona rangi na harufu ni zilezile. Penseli ni ya mwerezi, basi na boriti ni ya mwerezi. Mwerezi hutoka Lebanoni. Walioweza kuuleta ni Wafoinike, mabaharia wa kale wa pwani ya Lebanoni. Na aliyeamuru kuta zile zijengwe, kwa hesabu hiyo, ni Malkia wa Sheba.

Boriti ilikuwa ya tamboti, mti mgumu wenye harufu nzuri unaoota hukohuko kusini mwa Afrika. Tena penseli nyingi za Ulaya za zama hizo zilitengenezwa kwa mti wa Marekani unaoitwa mwerezi kwa mazoea tu, kwa hiyo huenda hata hiyo penseli haikuhusiana na Lebanoni.

Kukosea mti simlaumu sana; ninachomlaumu ni kwamba jibu alikuwa nalo kabla ya kushika kibanzi. Na jibu hilo lilifanya madhara makubwa zaidi mikononi mwa Richard Hall, msimamizi wa magofu hayo, ambaye kuanzia mwaka 1902 alichimbua na kuondoa tabaka nzima za udongo zenye vigae vya vyungu, kwa kuwa aliziona ni uchafu wa Waafrika waliokuja baadaye na kuwafunika wajenzi halisi. Vigae hivyo ndivyo vilivyokuwa vyombo vya wajenzi wenyewe. Mwanaakiolojia David Randall-MacIver alilieleza hilo mwaka 1905, lakini walowezi hawakutaka kumsikia, hata mwaka 1929 mwanaakiolojia mwenzake, Gertrude Caton-Thompson, akalazimika kutafuta mahali ambapo sepetu ya Hall haikufika, ndipo akathibitisha kwamba kuta ni kazi ya Waafrika.

Vitu vya kigeni navyo vilikuwapo, vikiwamo vyombo vya Uchina na Uajemi, ila vililetwa na biashara. Miongoni mwa vilivyopatikana pale baadaye ni sarafu ya al-Hasan bin Sulaiman, sultani wa Kilwa wa karne ya 14, iliyosafiri kutoka pwani yetu kwa njia ya dhahabu ya Sofala, bandari ya kale katika Msumbiji ya leo.