Nilivyoulinda mpira wa mama mpaka dozi ya mwisho

Mpira wa dawa, yaani mrija mwembamba wa kupitishia kemo (dawa za saratani) mshipani, ulikaa mkononi mwa mama miezi mitano, na minne ya mwisho hakupata homa hata siku moja. Nashukuru sana, maana mwezi wa kwanza nilikaribia kumpoteza.

Aliwekewa Dar, mkono wa kulia juu ya kiwiko, ncha ikafika kwenye mshipa mkubwa karibu na moyo. Tukarudi nyumbani Makorora, Tanga, kungoja dozi nyingine. Kijidudu kikipenya kwenye mdomo wa mpira ule, kimeshaingia kwenye damu, na mgonjwa wa kemo chembe nyeupe za kumpigania ni chache.

Siku moja tulikwenda kusafishiwa mpira, mhudumu akachomeka bomba la sindano bila kufuta mdomo wa mpira. Hatujakaa sana nyumbani, mama akaanza kutetemeka meno yakigongana, na joto la Tanga lile la Februari! Jirani akasema, "Malaria hiyo, mpe panadol." Nikampa. Homa ikashuka, tukalala. Alfajiri kipimajoto kilisoma 39. Hospitali wakatoa damu kwenye mpira na nyingine mkono wa pili, wakamwanzishia antibayotiki bila kungoja majibu. Alilazwa siku kumi. Panadol ile ilitupotezea usiku mzima, na mpaka leo nikisikia mtu akimshauri hivyo mgonjwa wa kemo naumia. Ikifika 38 ni hospitali, hata saa nane za usiku. Kipimajoto nilikinunua Ngamiani kwa elfu chache tu.

Tangu hapo kila anayeugusa mpira namwambia, "Samahani dada, tufute kwanza." Mdomo unasuguliwa kwa pamba ya spiriti sekunde 15, kisha unaachwa ukauke. Mama alikuwa akisoma Kulhuwallahu mara mbili taratibu. Wauguzi wakazoea kumsubiri amalize.

Kazi kubwa ilikuwa maji. Plasta ile ya kuonyesha ngozi hubadilishwa kila siku 7, lakini ikilowa au ikibanduka pembeni haingojwi. Kwanza nilimvika mfuko wa nailoni na kuubana kwa raba. Maji yakapenya, plasta ikafanya ukungu, ikabidi tupande bajaji twende ikabadilishwe siku ileile. Baadaye nikapata njia: mama anakaa kwenye kigoda, nasokota kanga namzungushia chini ya plasta, mkono unaning'inia vidole vikitazama chini. Namimina kwa kata kuanzia kiwikoni, maji yanateremkia vidoleni. Begani napangusa kwa taulo iliyokamuliwa. Hata udhu alitawadha hivyo, nilimuuliza mwalimu wa madrasa akasema yafaa. Jasho nalo hubandua plasta, kwa hiyo mchana alikaa barazani kwenye upepo.

Mpira ulipotolewa tulisubiri kitobo kifunge. Siku ya nne mama akaomba ndoo nzima, akajifungia bafuni peke yake. Nikiwa uani nilisikia maji yakimwagika, kata baada ya kata, kuanzia begani.