Matone ya leptini na futi yangu ya kushonea

Mimi ni fundi wa kushona madera na mabuibui hapa Majengo, Mombasa, na kwa miaka mingi nimewapima wanawake viuno bila kumwambia yeyote kipimo changu mwenyewe, ambacho mwaka juzi kilifika inchi 44. Hapo kila mteja akageuka mganga. Mmoja alinishauri nifunge Jumatatu na Alhamisi, nami nikafunga kwa moyo wote, ila nilifuturu kwa kaimati na viazi vya rojo hata siku za saumu zikawa ndizo siku zangu za shibe kubwa.

Kisha nikaletewa chupa ya matone ya leptini. Muuzaji alieleza kwamba hiyo ni homoni ya wembamba na kwamba wanene tumepungukiwa nayo. Nilitoa elfu tatu na ushei, pesa za madera ya Idi. Matone yalinuka kama samaki wa juzi, kwa hiyo kila alfajiri nilijibana pua kwa kibanio cha nguo, nikahesabu kumi ndani ya kijiko cha maji, nikameza nimefumba macho, na nilipofumbua nilijiona nimekwisha kupungua. Baada ya wiki tatu nilizungusha futi kiunoni: inchi 44 na nusu.

Mtoto wa kaka yangu, anayesomea ufamasia, alicheka mpaka akaegemea cherehani. “Shangazi, leptini ni protini. Ukiimeza, tumbo linaisaga kama linavyosaga mbaazi. Ndiyo maana hata insulini, homoni ya kushusha sukari ya damu wanayopewa wagonjwa wa kisukari, hudungwa sindano. Tena wewe hujapungukiwa, unayo tele, kwa kuwa inatengenezwa na hayo hayo mafuta unayoyakimbia.”

Alinieleza kwamba mwaka 1994 mwanasayansi Jeffrey Friedman na wenzake huko New York waligundua jeni ya homoni hiyo kwa kuchunguza panya wanene waliozaliwa na jeni hiyo ikiwa mbovu, wakawa wanakula bila kutosheka. Panya hao walipodungwa leptini, walikonda. Wako pia binadamu wachache mno waliozaliwa na kasoro kama hiyo, na sindano huwafaa. Sisi wengine mafuta yetu yanapiga kelele kwa leptini kwamba akiba imejaa, lakini ubongo hausikii, kama mimi nisivyosikia tena honi za matatu hapa kibandani, ilhali mgeni kutoka shamba huziba masikio.

Kilichonikera ni kwamba hakuna aliyenionya nilipokuwa nikila kabichi ya kuchemsha kwa wiki sita. Nilipoteza kilo tisa, kisha ikanijia njaa ambayo nilidhani ni ukosefu wa haya, na kwenye arusi moja nilisafisha sinia la biriani lililokusudiwa watu wanne. Kumbe mtu akijinyima ghafla, leptini hushuka upesi kuliko mafuta yenyewe, ubongo ukadhani kumeingia ukame, ukachochea njaa na kubana matumizi ya nguvu. Kilo zote tisa zilirudi.

Safari ya pili nilikwenda polepole. Sukari kwenye chai niliacha, mbaazi nikazila kwanza na hamri moja baadaye, na jioni nikatembea hadi bustani ya Mama Ngina kando ya bahari. Mpwa wangu alinitia moyo kwa habari ya adiponektini, homoni nyingine ya mafuta, ambayo hupungua mtu anaponenepa na kupanda anapokonda, na ambayo husaidia insulini kufanya kazi yake.

Ujanja, hata hivyo, ulikuwa wangu mwenyewe. Dera husitiri kila kitu, hata ukweli, basi nilijishonea gauni la kiuno kisicho na mpira, lenye zipu ubavuni, nikalivaa kila Ijumaa. Lilipolegea inchi moja, nililipunguza usiku uleule na kukata kitambaa kilichobaki ndani ya mshono, nisije nikaliachia tena. Fundi yeyote atasema huko ni kuharibu nguo. Katika miezi kumi na minne nimelipunguza mara tano.

Njaa ya saa kumi jioni bado huja, nami huijibu kwa yai la kuchemsha. Wateja wanaulizia dawa niliyotumia, nami huwaonyesha ile chupa ya matone, ambayo sasa imejaa mafuta ya cherehani.