Nilivyopima pengo la mshahara wa kuanzia kati ya wanawake na wanaume

Swali la utafiti wangu lilikuwa moja: je, mwanamke na mwanamume wenye elimu sawa huanza kazi kwa mshahara sawa? Nilichagua makusudi mshahara wa kuanzia. Mshahara wa sasa umebeba mengi, kuanzia kupandishwa cheo hadi likizo za uzazi. Ule wa siku ya kwanza huonyesha mwajiri alimthamini vipi mtu ambaye bado hajamwona akifanya kazi.

Msingi wangu ulikuwa mlinganyo wa mwanauchumi Jacob Mincer, unaoeleza logi ya mshahara (kipeo ambacho namba e, takribani 2.718, hupewa ili itoe mshahara huo) kwa miaka ya shule na uzoefu. Nikaongeza kigeu cha jinsia: 1 kwa mwanamke, 0 kwa mwanamume. Matokeo ya logi yasomwe kwa uangalifu. Koefishenti ya jinsia, yaani namba inayozidisha kigeu hicho katika mlinganyo, ikiwa -0.20, pengo si asilimia 20 bali kama 18, kwa sababu e ikipewa kipeo cha -0.20 hutoa takribani 0.82.

Elimu niliigawa kwa ngazi, maana mwaka wa kupata shahada haulipi sawa na mwaka wa katikati ya masomo. Kisha nikazidisha jinsia kwa elimu, nione kama shahada ileile inamwinua mwanamke kama inavyomwinua mwanamume. Bila hatua hiyo, modeli inachukulia tu kwamba pengo ni lilelile katika kila ngazi.

Kazi ngumu ilikuwa kuamua kuhusu aina ya kazi. Ukiiingiza kwenye mlinganyo, pengo mara nyingi hupungua, na ni rahisi kutangaza kwamba hakuna ubaguzi. Lakini kama wenye shahada moja wanagawanywa mlangoni, wanawake ukarani na wanaume usimamizi, basi mgawanyo huo ndio njia ambayo pengo hupitia! Kuudhibiti, yaani kulinganisha tu watu wa kazi ya aina moja, ni kuficha kile unachokitafuta.

Nilitumia pia mbinu ya wanauchumi Oaxaca na Blinder ya mwaka 1973, inayotenga sehemu ya pengo inayotokana na tofauti za elimu na sehemu isiyoelezeka. Hiyo ya pili sikuiita ubaguzi moja kwa moja. Fani mtu aliyosomea, kwa mfano, huenda imejificha humo.

Kwenye ripoti niliweka majedwali mawili, lisilo na aina ya kazi likitangulia, kwa kuwa ndilo linalojibu swali lililoulizwa.