Namba ndogo chini ya rilei

Chomoa rilei ya gari, ile swichi ndogo inayoendeshwa na umeme, uigeuze. Pembeni mwa kila mguu utakuta namba ndogo: 30, 85, 86, 87. Nilipoanza ufundi umeme wa magari nilizichukulia kama alama za kiwandani zisizonihusu, nikawa nafuata rangi za waya. Rangi zilinipotezea siku nzima nzima. Waya unaanza mwekundu, fundi aliyekutangulia kauunga na wa bluu, aliyemtangulia yeye kamalizia na mweusi.

Aliyenifundisha kazi ndiye aliyenifungua macho. "Achana na rangi," aliniambia, "soma namba."

Namba hizo zinatoka kwenye kiwango cha Kijerumani, DIN 72552. 30 ni moto, yaani umeme, wa moja kwa moja kutoka betri, upo hata gari likiwa limezimwa. 15 ni moto unaokuja ukizungusha ufunguo. 31 ni ethi, njia ya umeme kurudi betri. 50 ndiyo inayoiamsha stata, mota ya kuwashia injini. 85 na 86 ni ncha mbili za koili ya rilei, waya uliozungushwa ambao ukipata umeme huivuta swichi, na 87 ndipo moto unapotokea kwenda kwenye honi au taa. Si kila mtengenezaji anazifuata, lakini nikizikuta huwa nafurahi kweli, kwa sababu najua kuna mtu alimfikiria fundi ambaye hatamwona kamwe.

Shirika la DIN, la viwango vya Ujerumani, lilianzishwa Berlin mwaka 1917, katikati ya vita. Kiwango chake cha kwanza, DIN 1 cha mwaka 1918, hakikuhusu mtambo wowote mkubwa. Kilihusu pini za chuma, zile nyembamba upande mmoja na nene kidogo upande wa pili. Hilo nalipenda sana. Karatasi ya A4 nayo imetoka hukohuko, DIN 476 ya mwaka 1922: A0 ina eneo la mita moja ya mraba, ikunje katikati mara nne unapata A4, na umbo halibadiliki.

Lakini namba tu haitoshi, na herufi nayo isomwe. Niliwahi kufunga taa mbili za ukungu kwenye rilei yenye 87 mbili, moja pembeni na moja katikati, kila taa na mguu wake. Rilei ikafa. Nikachukua nyingine inayofanana nayo kwa kila kitu, nikaichomeka. Nikawasha swichi: taa ya kushoto ikawaka, ya kulia kimya. Nikazima: ya kushoto ikazimika, ya kulia ikawaka. Nilihangaika na waya karibu saa nzima kabla sijaichomoa ile rilei na kuipeleka kwenye mwanga. Mguu wa katikati uliandikwa 87a. Huo hupata moto pale rilei inapokuwa imelala, yaani koili haina umeme, na hukatika inapovuta.

Siku hizi sichomeki rilei kabla ya kuigeuza na kuifuta vumbi kwa kidole gumba.