Siku moja maishani mwangu: sweta la kwenda Mbeya

Saa kumi na moja alfajiri. Nikishasali sirudi kitandani. Huu ndio wakati pekee Unguja inaponihurumia: kusi inaingia dirishani, viganja vikavu, uzi unateleza wenyewe juu ya sindano. Ikifika saa nne jasho linaanza, uzi unang'ang'ania, na bila ya poda ya mtoto mkononi siendi popote. Ndiyo, nafuma masweta Michenzani, ghorofa ya tatu, pangaboi likizunguka. Watu hunicheka, ati nani anavaa. Wanaovaa hawapo hapa. Ni watoto wetu waliopata chuo Iringa au kazi Njombe. Na vichanga pia, maana bibi wa hapa hamtoi mjukuu nje bila ya kofia na sweta, hata jua likiwa la utosi.

Nililo nalo mapajani ni mgongo wa sweta la kijana anayekwenda kufundisha Mbeya. Mji ule uko mita kama 1,700 juu ya bahari, na usiku wa Julai baridi hushuka chini ya nyuzi 10. Hapa kwetu mtu akiona 22 anatafuta shuka.

Saa moja. Chai, boflo, watoto skuli. Basi.

Saa mbili na nusu. Nateremka Darajani kwa miguu kutafuta mikunjo miwili ya uzi iliyopungua. Muuzaji ananitolea kahawia ile ile. Nauchukua mpaka mlangoni, kwenye mwanga, kisha natazama namba ya rangi kwenye karatasi yake: siyo. Kiwandani uzi hutiwa rangi kwa mafungu, na fungu hili haliwi sawasawa na lile. Dukani huoni kitu; likishavaliwa unaona mstari. Mwaka juzi nilidharau, nikafuma mkono mmoja kwa fungu jengine, na mwenyewe alipolivaa alikuwa kama mtu aliyeazima mkono. Leo nanunua hivyo hivyo, ila uzi huu nitautia shingoni na kwenye pindo tu, pahala ambapo mfumo unabadilika na jicho halipati cha kulinganisha.

Saa nne. Chini barazani tuko wanne: mimi, shoga yangu, bi mkubwa wa nyumba ya pili na binti yake. Kazi hii tumegawana, kwa sababu kijana anapanda boti wiki ijayo. Mimi mgongo, shoga kifua, binti mikono. Binti anaifuma yote miwili kwa pamoja kwenye sindano moja, kila mkono na mkunjo wake wa uzi, ili usije mmoja ukawa mrefu. Hilo alifundishwa na mama yake na hakuna njia iliyo bora kuliko hiyo.

Shoga anakunjua kifua chake, kimebaki shingo tu. Nakilaza juu ya mgongo wangu. Kimepunguka.

"Umeanza na vitanzi vingapi?"

"Mia na nne. Si wewe uliyenambia?"

"Sindano?"

"Namba nne, kama yako."

Vitanzi sawa, sindano sawa, uzi sawa. Mgongo una sentimita 52, kifua 47 na kitu. Karibu 5 zimepotea, na tukiunga hivyo ubavu utavutwa kwa mbele mpaka kijana aonekane kafungwa.

Bi mkubwa wala hakuinua macho. "Huyu hata kanga anaifunga mpaka pumzi zinakata. Mulitegemea nini?"

Kosa langu. Nilimpa hesabu ya vitanzi, sikumwomba kipande cha kupimia. Mkono wangu mlegevu: vitanzi 20 kwenye sentimita 10. Wake umekaza: 22. Gawa 104 kwa kila mmoja, ndiyo hiyo tofauti yenyewe. Vitanzi viwili tu, mtu anavidharau, kumbe vinajirudia kifua kizima.

Tukafumua. Mmoja anavuta, mwengine anazungushia kwenye mgongo wa kiti. Ukiutazama uzi uliofumuliwa umejikunja kama tambi. Ukiufuma hivyo hivyo vitanzi vinakuwa vya upogo, kwa hivyo tunaurovya, tunautundika na chupa ya maji chini yake unyooke. Siku nne za shoga zimo kwenye ndoo. Hakusema neno, na mimi nilijua nisimtazame.

Saa sita. Umeme umekatika, pangaboi limenyamaza. Adhuhuri, wali na changu wa kukaanga.

Saa nane. Shoga anafuma kipande cha kupimia kwa sindano nene kidogo, ya nne na nusu, ili vitanzi vyake vilegee: vitanzi 30, safu 30. Tunakiosha, tunakikamua ndani ya taulo, tunakitandaza kwenye mkeka kivulini. Usipime kabla ya kuosha, maana uzi ukishapata maji hulegea. Na usianike kwenye kamba. Sweta likining'inia na maji yake linashuka mikono mpaka magotini.

Saa kumi. Urojo, bhajia nyingi, umbea kidogo.

Saa mbili usiku. Hodi. Kijana na mama yake.

Mara ya kwanza mama alikuja peke yake na kipimo kwenye karatasi: kifua sentimita 122. Nikashangaa, kijana mwenyewe namjua ni mwembamba. Kumbe alipima kanzu! Nikasema aje mwenyewe, na futi ikatoa 96. Nikaongeza 8 za shati la ndani na za kuvuta pumzi, ndipo ikaja 104.

Namvalisha mgongo na mikono kwa pini. "Nyanyua mikono juu, mwanangu, kama unaandika ubaoni." Ananyanyua, pindo linapanda juu ya mkanda. Mwalimu atashinda mgongo wazi siku nzima. Naandika: urefu ongeza sentimita 4.

"Na tumbo je?" mama anauliza. "Huko atakula ndizi na viazi, atanenepa."

"Shangazi, nakufa joto," kijana anasema, jasho linamtiririka shingoni.

Saa nne usiku shoga ananipigia. Kipande kimekauka, amepima katikati mara tatu.

"Ishirini kamili."

"Haya, anza."

"Vingapi?"

"Mia na nne."

Akasonya, akakata simu.